Maswali Yenu: Safari za Kuwinda na Ndugu na Marafiki

Barua zilizotufikia kuhusu safari za kuwinda ni nyingi, na nilipokuwa nikizisoma niliona kwamba ni wachache mno wanaouliza namna ya kumpata mnyama. Wengi wanauliza namna ya kukaa na wenzao, yaani mkwe, mtoto, rafiki wa siku nyingi au mgeni aliyealikwa, mahali ambapo kila mmoja ameshika silaha na kila mmoja amekuja na matarajio yake. Naona wameuliza panapostahili kuulizwa, kwa sababu ajali nyingi za bunduki katika uwindaji huwapata wawindaji wenyewe, ama kwa mikono yao au kwa mkono wa mwenzao wa msafara uleule. Nimechagua barua sita, na baadhi nimezifupisha.

SWALI: Baba mkwe wangu ndiye aliyenifundisha kuwinda, na familia inapotoka kwenda porini yeye ndiye kiongozi wetu. Siku hizi ana mwenendo unaonitia hofu. Huacha risasi ndani ya chemba hata tukiwa garini, na anapogeuka kuzungumza nasi, mdomo wa bunduki hugeuka pamoja naye. Safari iliyopita ulipita usawa wa kifua cha mke wangu, ambaye ni binti yake. Siwezi kumkemea mzee aliyenipa mke. Nifanye nini? (Mkwe mwenye hofu)

JIBU: Ndugu yetu, hofu yako ina haki, na heshima unayompa mzee wako ina haki pia. Jambo ambalo halikubaliki ni kuinyamazia hofu hiyo kwa ajili ya heshima, kwa kuwa siku bunduki itakapofyatuka bila kukusudiwa, mzee huyo ndiye atakayeumia moyo kuliko ninyi nyote.

Mazungumzo haya yafanyike nyumbani, siku ambayo hakuna safari. Mzee anayekosolewa porini mbele ya vijana, akiwa amechoka na bunduki iko begani, atahisi fedheha kabla ya kusikia hoja. Mtangulize mtu anayeweza kusema naye kwa wepesi kuliko wewe: mke wako, kama baba yake humsikiliza, au mtu wa rika lake aliyewahi kuwinda naye. Mwambieni mlichokiona, mahali na wakati, bila kuongeza tafsiri. Maneno kama “bunduki yako ilimwelekea binti yako pale tulipovuka kijito” ni mazito ya kutosha yenyewe, wala hayahitaji kufuatwa na hukumu juu ya uzee wake.

Kisha wekeni utaratibu unaomfunga kila mtu, ili usionekane umetungwa kwa ajili yake. Ndani ya gari na kambini bunduki zote ziwe tupu na chemba ziwe wazi, zionekane kwa macho. Risasi ziingizwe pale tu kiongozi anapotamka kwamba uwindaji umeanza, na zitolewe anapotamka kwamba umekwisha. Mtu yeyote, hata mtoto, akisema “Simama”, wote wasimame na kuelekeza midomo ya bunduki ardhini kabla ya kuuliza sababu. Na hili ndilo ninalokusihi ulizingatie zaidi: mwombeni mzee mwenyewe awe mkaguzi wa bunduki za wote kabla ya kuondoka na baada ya kurudi. Aliyepewa dhamana ya kukagua bunduki za wengine huona aibu kuiacha yake na risasi chembani, na jukumu hilo linamlindia nafasi yake ya uongozi badala ya kumpokonya.

Tazameni pia kama kuna sababu ya mwili. Mtu ambaye sikio lake moja limepungua nguvu hugeuza kiwiliwili kizima ili asikie, na bunduki hugeuka naye. Mtu ambaye mikono imechoka huiacha bunduki nzito ilale ovyo. Bunduki nyepesi zaidi, mkanda mzuri wa begani, au kumpa mzee mahali pa kuketi na kungoja mnyama badala ya kutembea mwendo mrefu, vinaweza kuondoa nusu ya tatizo bila mtu yeyote kuvunjiwa heshima.

Mnapotembea kwa mstari mmoja, wa mbele ndiye pekee anayeelekeza bunduki mbele. Wa nyuma yake huelekeza ubavuni, upande usio na mtu. Mkitembea watu watatu sambamba, wa kushoto ana eneo la kushoto, wa kati ana la mbele, wa kulia ana la kulia, na hakuna anayepiga nje ya eneo lake hata mnyama akimpitia karibu namna gani. Kwenye uzio au gogo kubwa, bunduki hutolewa risasi na kupitishwa upande wa pili kwanza, ndipo mtu apande.

Ukiuona mdomo wa bunduki unaelekea mtu, sema papo hapo: “Mzee, bunduki.” Hapo hapana cha kungoja nyumbani. Na ikiwa baada ya yote haya atakataa kubadilika, msiende naye kuwinda. Nendeni mkamtembelee kwa njia nyingine. Neno hili ni gumu, nami sina lililo jepesi zaidi la kukupa.

SWALI: Mwanangu ana miaka 12 na ananisihi nimchukue pamoja na marafiki zangu wanapokwenda kuwinda. Mama yake hataki kabisa. Mimi mwenyewe nilianza nikiwa mdogo kuliko yeye. Nani ana haki? (Baba)

JIBU: Mheshimiwa, kabla ya kutafuta mwenye haki kati yenu wawili, tafuta sheria ya mahali mnapotaka kuwinda, kwa sababu umri unaoruhusiwa hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na katika Marekani hutofautiana hata kati ya jimbo na jimbo. Ujerumani, kwa mfano, kijana hupewa leseni ya uwindaji ya vijana kuanzia miaka 16, tena baada ya kufaulu mtihani, na huwinda akiwa na mtu mzima anayehusika naye. Jambo kwamba wewe ulianza ukiwa mdogo linaeleza ulivyolelewa. Halimfundishi mwanao chochote kuhusu bunduki.

Sheria ikiruhusu, ushauri wangu ni kwamba safari zake za kwanza aende bila bunduki. Mpe darubini, mpe kazi ya kusoma nyayo na kujua upepo unatoka wapi. Mtoto anayejifunza kwamba upepo ukiwapuliza kutoka mgongoni mnyama atainusa harufu yao na kutoweka kabla hawajamwona, amekwisha kujifunza subira ambayo wawindaji wengi wazima hawana. Aone pia mnyama akichunwa na kutolewa matumbo. Kama atashtuka, ni afadhali ashtuke akiwa mtazamaji kuliko akiwa ndiye aliyeua.

Siku ya kuanza kulenga shabaha itakapofika, iwe kwenye uwanja wa shabaha, siyo porini. Kwanza chunguzeni jicho lake linalotawala. Anyooshe mikono mbele, aunganishe viganja mpaka pabaki tundu dogo, akitazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha afumbe jicho moja baada ya jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo linalotawala. Wako watoto wanaotumia mkono wa kulia lakini jicho lao la kushoto ndilo linalotawala, nao hukosa shabaha kila mara huku wakiambiwa kwamba hawana bidii. Pili, bunduki imfae yeye. Kitako kirefu kuliko mkono wake humlazimisha kuegemea nyuma, na bunduki yenye mshindo mkubwa humfundisha kufumba macho kabla ya kufyatua, tabia ambayo kuiondoa baadaye huchukua muda mrefu kuliko kuipata. Kaliba, yaani kipenyo cha risasi, ya .22 inatosha kuanzia, mradi akumbuke kwamba hata risasi hiyo ndogo huweza kufika zaidi ya kilomita 1.5, na kwa hiyo hapigi kamwe akiwa hajui kilichoko nyuma ya shabaha.

Tatu, masikio. Mlio wa bunduki nyingi huzidi desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuleta madhara ya kudumu, na sikio la ndani likishaharibika halirudi. Wawindaji wengi wa kizazi chetu tumepoteza sehemu ya usikivu kwa kudhani kwamba vizibo vya masikio ni vya waoga. Usimrithishe mwanao jambo hilo.

Kuhusu marafiki zako: mtoto asiwe mmoja kati ya wengi. Awe na mtu mzima mmoja ambaye siku hiyo hakubeba bunduki yake mwenyewe, na kazi yake yote ni mtoto huyo. Kama wewe huwezi kuacha bunduki yako nyumbani kwa siku moja, basi bado hamjawa tayari, na hapo mama yake ana haki. Mwalike naye uwanja wa shabaha auone utaratibu wenu. Hofu ya mama huyu huenda ikapungua akiona, au huenda akaona kasoro ambayo wewe umeizoea mpaka huioni tena.

SWALI: Nilialikwa na wafanyakazi wenzangu. Swala alisimama mbele yangu kwa muda mrefu, nikainua bunduki, nikashindwa kufyatua. Wamenicheka tangu siku hiyo, na wananialika tena. Je, nikubali? (Mgeni wa porini)

JIBU: Ndugu, mtu aliyeinua bunduki, akasita, akaishusha, hakufanya kosa lolote. Kwa uzoefu wangu mkono unaosita mara nyingi una sababu: mnyama amesimama vibaya, umbali ni mkubwa, nyuma yake hapaonekani vizuri, au mtu hana hakika kwamba anataka kuua. Kila moja ya sababu hizo inatosha, na msafara unaomcheka mtu kwa kutofyatua unawafundisha wengine kufyatua ili wasichekwe. Huko ndiko wanyama wanakojeruhiwa na watu kupigwa.

Ukipenda kwenda tena, waambie mapema kwamba unakwenda kama mtazamaji, na umweleze mwenyeji wako kwamba kicheko kile kilikuumiza. Kama jibu lake litakuwa kicheko kingine, utakuwa umejua hao si watu wa kuwa karibu nao wakiwa na silaha.

SWALI: Sisi ni marafiki wanne tuliozoea kuwinda karibu na nyumbani. Mwakani tunataka kwenda nchi ya mbali kuwinda nyati, na mwenzetu mmoja anataka chui. Kampuni moja imetutumia picha na bei nzuri, nayo inataka tulipe fedha zote mapema. Tuanzie wapi? (Kwa niaba ya wanne)

JIBU: Waheshimiwa, msilipe chochote kwanza. Anzeni na sheria ya nchi mnayokwenda, kwa kuwa katika uwindaji sheria hutofautiana na hubadilika. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na mpaka leo hakuna uwindaji wa kitalii wa wanyama wakubwa nchini humo. Botswana iliusimamisha mwaka 2014, ikaurudisha mwaka 2019, na watu waliokuwa na mipango ya miaka kadhaa walilazimika kuibadili. Tanzania inauruhusu chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, katika vitalu vilivyotengwa na kwa vibali, na mgeni huwinda akiongozwa na mwindaji bingwa mwenye leseni. Zimbabwe nayo humtaka mgeni aongozwe hivyo. Hata silaha yenyewe huwa na mipaka yake: kuwinda kwa upinde, jambo la kawaida katika majimbo mengi ya Marekani, ni kosa la jinai nchini Uingereza.

Baada ya hapo iulizeni kampuni maswali haya kwa maandishi. Nani mwenye haki ya kuwinda katika kitalu hicho? Je, mgawo wa nyati na chui, yaani idadi inayoruhusiwa kuwindwa, kwa mwaka huo bado upo, na nani anaweza kuuthibitisha zaidi ya kampuni yenyewe? Mwindaji bingwa atakayewaongoza ni nani, na leseni yake ni ya mwaka gani? Mnyama akijeruhiwa na kupotea, mtalipa? Kwa kawaida jibu la swali hili la mwisho ni ndiyo, kwa sababu mnyama aliyetokwa na damu huhesabiwa kuwa amewindwa, na ni haki iwe hivyo. Kampuni inayoona maswali haya kuwa usumbufu ipiteni. Malipo ya awali ni jambo la kawaida katika shughuli hii, lakini fedha zote mapema, kabla hamjaona karatasi yoyote, hapana.

Huyo mwenzenu wa chui ana safari ya pili ndani ya safari yenu. Chui yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini kutoweka, uliotiwa saini tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1975. Kwa mnyama wa kundi hilo kibali cha kutoa nyara katika nchi ya uwindaji hakitoshi; ni lazima mwenzenu awe pia na kibali cha kuingiza kutoka nchi yake mwenyewe, na hicho kitafutwe kabla ya safari. Nchi yake ikikataa, ngozi itabaki ilikotoka hata kama uwindaji wenyewe ulikuwa halali kabisa. Tena asafirishe nyara kwa shirika lililokubali kwa maandishi. Baada ya simba aliyejulikana kwa jina la Cecil, aliyekuwa na kola ya watafiti, kuuawa na mwindaji mgeni nje ya Hifadhi ya Hwange nchini Zimbabwe mwezi Julai 2015, mashirika kadhaa makubwa ya ndege yalitangaza kwamba hayatabeba nyara za simba, chui, tembo, faru wala nyati. Tukio hilo lina funzo jingine pia: mgeni hawezi kujificha nyuma ya mwenyeji wake. Dai kuviona vibali kwa macho yako, kila siku ikibidi.

Kuhusu bunduki, mnaweza kubeba zenu au kukodi huko. Mkibeba, husafiri katika sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, zikiwa tupu, ndani ya mizigo ya chini ya ndege, na risasi huwekwa kando katika pakiti zake. Kiwango kinachokubaliwa kimataifa ni kilo 5 za risasi kwa abiria mmoja, na hamruhusiwi kujumlisha viwango vyenu vinne katika sanduku la mmoja, kosa ambalo marafiki hulifanya wakidhani wanarahisisha mambo. Ulizeni pia kuhusu kila nchi mtakayobadilishia ndege, kwani baadhi hudai kibali hata kama bunduki haitoki nje ya uwanja. Wakazi wa nchi za Umoja wa Ulaya wana Pasi ya Silaha ya Ulaya inayowasaidia kuvuka mipaka ndani ya umoja huo, lakini nje yake haina nguvu hiyo. Kwa safari ya kwanza ningependa mkodi, isipokuwa kama bunduki mliyoizoea inafaa kwa nyati. Kaliba ya .375 ndiyo inayohesabiwa kuwa ya chini kwa mnyama huyo katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu awindwe, na mtu aliyezoea swala hana budi kufanya mazoezi ya miezi kadhaa na bunduki ya namna hiyo, akipiga wima huku ameegemeza bunduki juu ya miti mitatu iliyofungwa pamoja, kwani ndivyo atakavyopiga huko. Kuegemea meza ya uwanja wa shabaha hakumwandai mtu kwa hilo.

Yaliyobaki ni yenu ninyi kwa ninyi, nami nayaona kuwa makubwa kuliko ya ndege. Wawindaji wawili wakigawana mwindaji bingwa mmoja, gharama hupungua, lakini kwa kila mnyama ni mmoja tu anayepiga. Amueni kabla ya kuondoka ni nani atapiga kwanza, zamu hubadilika lini, na itakuwaje mmoja asipopata nafasi hata mara moja huku mwenzake akipata mbili. Amueni gharama zipi ni za pamoja na zipi ni za kila mtu peke yake. Wekeni bima inayogharimia kumtoa mgonjwa porini kwa ndege, na mmoja wenu ajue namna ya kuzuia damu inayovuja kwa nguvu. Andikeni haya yote katika ukurasa mmoja mkiwa mmekaa pamoja. Marafiki wengi hawaandikiani kwa kuona haya, na ndio haohao wanaorudi hawasemezani.

SWALI: Rafiki yangu alimpiga kulungu jioni, mnyama akakimbia. Tulifuata damu kwa dakika chache, giza likaanza, na wengine wakataka kurudi kambini. Yeye alitaka kuendelea mbio. Tuligombana vibaya. Nani alikuwa na busara? (Mwenye majuto)

JIBU: Kila upande ulikuwa na nusu ya busara. Kumfuata mara moja kwa mbio kulikuwa kosa, na kumwacha bila mpango kungekuwa kosa kubwa zaidi. Mnyama aliyejeruhiwa ni deni la msafara mzima, hata kama risasi ni ya mmoja.

Damu yenyewe huwaambia mngoje kwa muda gani. Damu nyekundu angavu yenye mapovu hutoka mapafuni, na mnyama huyo kwa kawaida hafiki mbali. Ngojeni nusu saa kisha mfuateni. Damu nyeusi nzito huashiria ini, na inataka kungoja zaidi. Mkiona majimaji ya kijani au kusikia harufu ya matumbo, mnyama yu hai na atalala mahali pa karibu asipofukuzwa. Ngojeni saa sita au zaidi, maana mkimwinua atakimbia mbali na hamtampata tena. Joto likiwa kali nyama itaharibika katika kungoja huko, na hasara hiyo ni yenu kuikubali. Mvua ikinyemelea hesabu hubadilika, kwa kuwa itaifuta damu.

Wekeni alama mahali alipokuwa mnyama alipopigwa na mahali palipoonekana damu ya mwisho. Wanaofuata wawe wawili, mmoja akitazama chini na mwingine mbele, nao watembee kando ya alama za damu, wasizikanyage. Wengine wabaki nyuma kimya. Ujerumani na katika nchi za Skandinavia, mbwa aliyefunzwa kufuata damu huitwa kama jambo la kawaida. Mkiwa na uwezo wa kumpata mbwa wa namna hiyo, mwiteni kabla ya watu wengi kukanyaga njia. Akiwa ni mnyama hatari kama nyati, anayeongoza ni mwindaji bingwa peke yake na uamuzi wake haujadiliwi. Kwa usiku ule wenu, kuweka alama, kurudi kambini na kuanza tena alfajiri, aliyepiga akiwa wa kwanza kuamka, kungewatosha.

SWALI: Mume wangu na kaka zake hugawana nyama ya porini na hutuletea nyingi. Mimi ni mjamzito, na nimesikia kwamba risasi huacha sumu ndani ya nyama. Pia kila mara kuna ugomvi wa nani apate sehemu gani. (Mke wa mwindaji)

JIBU: Dada, uliyoyasikia ni kweli. Risasi iliyotengenezwa kwa madini yaitwayo risasi (ledi) hupasuka inapompiga mnyama na kuacha vipande vidogo mno ambavyo jicho halivioni, navyo husambaa mbali na jeraha. Kupika hakuviondoi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto na mimba. Kwa sababu hiyo, na kwa ajili ya ndege wa majini wanaomeza gololi ndogo za shotigani, Denmark ilipiga marufuku gololi za madini hayo mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukazizuia katika maeneo ya ardhi oevu kuanzia Februari 2023. Mwombe mumeo na shemeji zako watumie risasi za shaba, ambazo kwa kawaida hubaki nzima. Mpaka watakapobadili, usile kabisa nyama iliyopigwa kwa risasi za ledi, na watoto wasipewe. Nyama ya kuwalisha watu wazima ikatwe mbali na jeraha, na sehemu yote iliyovilia damu itupwe mahali ambapo mbwa na ndege hawaifikii.

Kama ni nguruwe pori, ipikwe mpaka ndani kabisa ifike nyuzi 71 za Selsiasi kwa sababu ya minyoo ya trikinela, wala msitegemee friza, kwani baadhi ya aina za minyoo hiyo katika wanyama wa porini huvumilia kugandishwa.

Ugomvi wa mgao huisha mgao unapopangwa kabla ya mnyama kupatikana. Utaratibu ninaoupendelea ni huu: aliyepiga huchukua kichwa na ngozi au pembe, nyama iliyobaki hukatwa mafungu sawa kwa idadi ya walioshiriki, akiwamo aliyebaki kambini na aliyebeba, kisha aliyekata ndiye anayechagua wa mwisho. Shemeji zako wakiukubali, mpeni kisu yule anayelalamika zaidi.